Tuzijaribu roho kabla ya kumtaja mtu

Masomo: Marko 6:45-52, 1 Yohana 4:1, Ufunuo 12:10



Leo tunataja kitabu ambacho jina lake tu linamfanya mtu aliyeokoka akirudishe mezani: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapishwa mwaka 1960. Mwanzoni hatukukipenda. Sisi tulioacha mizimu, tutafute nini humo? Mtu anakutwa ameuawa mahali pa matambiko, na hofu inawashika watu wote.

Lakini tulipokisoma mpaka mwisho, tulimheshimu mwandishi. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anauliza, anatazama, anapima maneno ya kila mtu. Mwisho inajulikana kwamba ni mkono wa binadamu ulioua. Hofu ya mizimu ilikuwa pazia, na mwuaji alijificha nyuma yake.

Wanafunzi wa Yesu nao walimwona akitembea juu ya maji, wakapiga kelele wakidhani ni mzuka. Kumbe ni Mwokozi wao! Kama hofu ya usiku iliwafanya wasimtambue Bwana wao, je, haitatufanya tumwite jirani mchawi?

Wapendwa, sisi tunaishi chini ya Nyiragongo, na mazuku tunaijua. Ni gesi nzito kuliko hewa. Inatoka ardhini na kutulia kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na asubuhi mapema pasipo upepo. Mbuzi anaanguka. Mtoto aliyeinama anaivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama. Kisha matanga hayajaisha, mtu anamnyoshea kidole bibi mjane, au yatima anayelelewa nyumbani.

Hatusemi kwamba pepo hawapo. Yesu aliwatoa, na kwa jina lake tunawatoa hata leo. Lakini Neno linamwita Shetani mshitaki wa ndugu zetu. Basi anayemshitaki asiye na kosa anafanya kazi ya nani? Hata sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya kumlinda mtoto, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Kwa hiyo msiba ukitokea, tulie kwanza na wafiwa. Tuulize mwili ulikutwa wapi, na saa ngapi. Mgonjwa tumwombee, na tumpeleke kituo cha afya siku ileile. Mtu akisema ameonyeshwa jina la mchawi katika maono, wazee wa kanisa walipime jambo hilo kwa faragha. Jina lisitajwe madhabahuni wala barabarani. Na bibi ambaye watu wanamkimbia, tumwendee, tukale naye.

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho ya kutambua roho, na ulimi usiomwaga damu ya asiye na hatia. Katika jina la Yesu. Amina.