Ufunguo wa Kabati la Vitabu



Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, akijua ya kuwa wakati wake wa kuondoka umekaribia, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu pia, hasa vile vya ngozi. Joho twalielewa, maana majira ya baridi yalikuwa yanakuja. Lakini mtu anayengoja kufa ataka vitabu vya nini? Bila shaka kwake kusoma hakukuwa jambo la mtihani tu.

Neno hili latuchoma tukiikumbuka shule moja huku kwetu, upande wa Msambweni, ambayo tulikuwa katika kamati yake. Tuliletewa masanduku ya vitabu vya hadithi. Tulivipanga kabatini, tukatia kufuli, tukasema, "Watoto watavichafua." Miaka ikapita. Siku tulipofungua, mchwa na unyevu wa bahari vilikuwa vimekwisha kuvimaliza. Hapakuwa na alama hata moja ya kidole cha mtoto. Watoto wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka, wengine kwenye ngalawa za baba zao, wengine kutafuta vibarua Diani. Miaka ile hatuwezi kuwarudishia.

Ndugu zetu wa Garissa watufundisha. Mwaka 1996 shirika la maktaba za taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1965, lilianza kuwapakia ngamia vitabu ili viwafikie watoto wa wafugaji. Ngamia alivuka nchi kavu na mzigo wa vitabu. Sisi tulishindwa kuzungusha ufunguo.

Tena mwaka 2007 Agano Jipya lilitolewa kwa Kidigo. Furaha ilioje! Lakini nalo lataka msomaji, na msomaji huanza utotoni, kwa hadithi ya sungura na fisi.

Basi wazazi na walimu, kabati lifunguliwe. Vitabu vivikwe karatasi ya kaki. Wanafunzi wawili wapewe daftari la kuandika nani ameazima nini. Kitabu kikiraruka, kigundishwe, kisha kiazimwe tena. Kilichochakaa mikononi kimefanya kazi yake. Kilichooza kabatini hakikumsaidia mtu.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe vitu vyema tulivyowafungia watoto wako, utupe mikono ya kufungua. Amina.