MALI BILA DAFTARI: KUINGIZA JIWE JIPYA KATIKA MKUSANYO

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila katibu aliyewahi kufunga hesabu za msimu anaujua ukweli wa neno hilo: gunia lililopokelewa ghalani bila stakabadhi halina mwenyewe, hata kama kahawa iliyomo ni ya daraja la kwanza. Neno hilo linawahusu pia watu wanaokusanya mawe ya madini kwa kuyapenda na kwa kujifunza.

Mkusanyaji wa namna hiyo hatafuti jiwe lililochongwa ili litiwe katika pete. Hutafuta fuwele kama ilivyotoka ardhini, ikiwa bado imeshikamana na mwamba wake. Katika nchi nyingi wako waalimu, mafundi na makarani wenye makabati ya mawe hayo. Mawe ya Mererani, katika Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, hutafutwa sana na watu hao.

Jiwe jipya linapofika mezani, kosa la kwanza la mgeni wa kazi hii ni kulikimbilia kwa maji na brashi. Hapana budi kulitazama kwanza kwa lenzi. Chumvi ya mawe huyeyuka majini. Kalisaiti huliwa na asidi, hata ya siki. Na kitu kidogo kilichoshika juu ya jiwe huenda kikawa na thamani kuliko jiwe lenyewe. Ushahidi umo Mererani kwenyewe. Juu ya baadhi ya mawe ya huko zilionekana nyuzi za kijivu kilichoiva, nyembamba mfano wa unywele. Wataalamu walipozichunguza walikuta kwamba ni madini ambayo hayajapata kuandikwa popote, na mwaka 2016 yakakubaliwa rasmi kwa jina la merelaniaiti. Lau nyuzi zile zingalisuguliwa kama uchafu, au lau mawe yale yangalikosa maandishi ya kuonyesha yalikotoka, jina la Mererani lisingaliingia katika orodha ya madini ya dunia.

Baada ya kutazama huja kuandika. Upande wa jiwe usioonekana hupakwa tone la rangi nyeupe. Likishakauka, huandikwa namba kwa wino mweusi, kisha hufunikwa kwa vanishi. Namba hiyo hiyo huingizwa daftarini pamoja na jina la madini, mgodi na wilaya lilikotoka, tarehe, jina la aliyeliuza au aliyelitoa, na bei. Lebo aliyoiandika mwenye jiwe wa kwanza haitupwi, hata ikiwa imechakaa. Huhifadhiwa pamoja na lebo mpya. Kama jiwe limenunuliwa, linunuliwe kwa mwenye leseni na stakabadhi iwekwe. Jambo lisilojulikana huachwa wazi. Afadhali nafasi tupu kuliko neno la kubuni.

Hasara ya neno la kubuni ilionekana Uingereza. Arthur Kingsbury, aliyefariki mwaka 1968, alisifiwa kwa kuvumbua katika nchi yake madini mengi adimu ambayo wengine hawakuyapata. Mkusanyo wake ukaingia Natural History Museum ya London. Miaka ilipopita wataalamu waliupitia upya, wakagundua kwamba mawe mengi aliyodai kuyaokota Uingereza yalikuwa yametoka nchi nyingine. Mawe yenyewe yalikuwa halisi; uongo ulikuwa katika lebo. Hata hivyo uongo huo ulitosha kuyatia shaka mpaka yale aliyoyaokota kwa haki, kwa sababu hakuna tena wa kuulizwa.

Hapo ndipo kazi ya mkusanyaji inapokutana na kazi ya katibu. Wote wawili hutunza neno la mtu asiyekuwapo: mkulima aliyekwisha kurudi shambani, au mchimbaji aliyekwisha kushuka shimoni. Mchimbaji anayefunga fuwele yake katika karatasi na kuandika papo hapo jina la mgodi na siku hapotezi zaidi ya dakika moja; mnunuzi ajaye atamlipa kwa dakika hiyo. Asiyeandika huuza jiwe zuri lisilo na kwao, na jiwe la namna hiyo, hata liking'aa vipi, mkusanyaji makini hulirudisha mezani.

Chama chochote chenye wanachama wachimbaji kingefanya vyema kuanzisha daftari la namna hiyo tangu jiwe la kwanza. Kumbukumbu ya jiwe la kumi huweza kuandikwa leo. Ya lile la kwanza, kama halikuandikwa siku yake, imekwisha kupotea bila habari.