Valvu Hufungwa Polepole

Maandishi ya mada iliyosomwa mbele ya kamati za maji za wadi, waendeshaji wa vioski na mafundi wa mabomba.



Mwendesha kioski akifungua mfereji alfajiri na kusikia hewa tu ikifoka, swali la kwanza kwenye foleni ni lile lile: nani amefunga valvu? Mitungi imeshafika barabarani, mwenye mkokoteni ameshapandisha bei, na mtoto aliyetumwa maji anaangalia saa ya shule. Mara nyingi swali hilo lina haki yake. Maji yanayofika nyumbani yamepita kwenye valvu nyingi ambazo mkazi hazioni, nyingine zimefukiwa na mchanga ndani ya chemba zisizo na kifuniko. Zikitumiwa vizuri hakuna anayezikumbuka. Zikitumiwa vibaya, mtaa mzima unakauka.

Valvu ni kizuizi kinachowekwa ndani ya njia ya maji, gesi, mafuta au mvuke ili mtu aweze kufungua, kufunga, kupunguza au kuelekeza mtiririko. Moyo wa binadamu una valvu nne, na kazi yake ni kuhakikisha damu haigeuki nyuma. Sufuria ya presha jikoni ina yake, ile inayotoa mvuke kabla chombo hakijapasuka. Mada ya leo, hata hivyo, ni maji.

Inayojulikana zaidi ni ile mafundi wanayoiita geti valvu. Ndani yake kuna bamba la chuma linaloshuka na kupanda kama lango. Likiwa juu kabisa, maji hupita karibu bila kuzuiwa. Likiwa chini kabisa, njia imefungwa. Shida huanza mtu anapoliacha katikati. Geti valvu haikuundwa kugawa maji nusu kwa nusu. Bamba likining'inia katikati ya mtiririko hutetemeka, kingo zake huliwa na maji yanayopita kwa kasi kwenye mwanya mdogo, na baada ya muda valvu hiyo haifungi tena hata ikizungushwa hadi mwisho. Tena inadanganya. Anayeifunga kwa mizunguko kumi ya kwanza huona maji hayajapungua sana, halafu mizunguko michache ya mwisho ndiyo inayokata karibu yote. Hapo ndipo ajali nyingi hutokea, kwa sababu fundi amechoka na anataka kumaliza.

Kwa kupunguza maji kwa kipimo ipo globu valvu, ambayo ndani yake kidude cha duara hushuka juu ya tundu. Mfereji wa kawaida wa nyumbani, ule wenye mpira mdogo unaobadilishwa kila unapoanza kudondoka, ni wa ukoo huo. Boli valvu ina tufe lenye tundu katikati. Robo mzunguko tu inafungua au kufunga, na mkono wake ukilala sambamba na bomba, maji yamefunguliwa. Batafulai valvu ina sahani inayogeuka katikati ya bomba na hupendwa kwenye mabomba makubwa kwa kuwa ni nyepesi na haichukui nafasi. Boya ndani ya tangi nalo ni valvu: maji yakipanda, boya linapanda na kufunga lenyewe. Tangi linalomwagika usiku kucha juu ya paa la soko kwa kawaida lina boya lililotoboka. Kulibadilisha ni kazi ya muda mfupi sana, na inashangaza ni mara ngapi hiyo kazi husubiri kikao.

Sasa lije jambo lenyewe. Maji yanayotembea ndani ya bomba ni mzigo mzito ulio mwendoni. Kilomita 1 ya bomba la kipenyo cha milimita 150 imebeba tani zipatazo 18 za maji. Lori la uzito huo likizuiwa ghafla, kila mtu anajua kitakachotokea. Maji nayo yakizuiwa ghafla hayasimami kwa upole, yanapiga. Mshindo unaosikika ukutani mtu anapofunga mfereji kwa nguvu ni mfano mdogo wa pigo hilo.

Mhandisi Mrusi, Nikolai Zhukovsky, alifanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya mji wa Moscow na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1898. Alionyesha kwamba ongezeko la presha hutegemea mambo mawili makubwa: kasi ya maji iliyokatwa, na kasi ya wimbi la presha linalosafiri ndani ya bomba. Kwenye bomba la chuma wimbi hilo hukimbia takriban mita 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo inayokatwa ghafla huongeza presha ya bar 10 hivi, sawa na uzito wa maji yaliyosimama kwenye mnara wa mita 100.

Mabomba ya plastiki hulegea kidogo, kwa hiyo wimbi huenda polepole zaidi na pigo hupungua. Bado halipungui vya kutosha. Chukueni mtaa ulio mita 60 chini ya tangi lake. Maji yakiwa yametulia, presha huko chini ni bar 6, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni karibu bar 1. Bomba lililotumika limeandikwa PN 10, maana yake limetengenezwa kuhimili bar 10. Kwenye karatasi kila kitu ni salama. Sasa maji yanatembea mita 1.5 kwa sekunde, na mtu anakuja kufunga boli valvu ya njia kuu kwa kiganja kimoja, tap! Wimbi likikimbia mita 400 kwa sekunde, pigo linaongeza bar 6 juu ya presha iliyokuwapo. Hata kama msuguano umekula kidogo ya ile presha ya mwanzo, bomba la bar 10 linaweza kujikuta linabeba karibu 12. Huenda lisipasuke siku hiyo. Huenda likapasuka mara ya hamsini, kwenye kiungo kilichogundishwa vibaya, mbali na valvu yenyewe, na lawama zikaenda kwa aliyeuza bomba.

Dawa yake ni muda. Wimbi huenda hadi mwisho wa bomba na kurudi. Kwenye njia ya kilomita 2 katika mfano huo, safari hiyo inachukua sekunde 10. Kufunga kwa muda mfupi kuliko huo ni sawa na kufunga papo hapo. Kufunga kwa muda mrefu zaidi, mara kadhaa zaidi, kunavunja nguvu ya pigo. Ndiyo maana geti valvu ya inchi 6 ina mizunguko ipatayo 20. Mizunguko hiyo haikuwekwa kumtesa fundi. Anayefunga njia kuu azungushe taratibu, na ile mizunguko ya mwisho aizungushe taratibu zaidi. Kufungua nako ni vivyo hivyo, hasa bomba likiwa tupu, kwa sababu maji yanayokimbia ndani ya bomba tupu husukuma hewa mbele yake na hugonga kila kona.

Hewa inastahili maneno yake. Hukusanyika kwenye vilele vya njia ya bomba, pale linapopanda kilima na kuanza kushuka, na hubaki hapo ikibana nafasi ya maji. Bomba linaweza kuwa zima, tangi limejaa, na mtaa ulio ng'ambo ya kilima ukapata maji membamba kama uzi. Kwa hiyo wahandisi huweka valvu za hewa kwenye vilele. Maji yanapojaa, hutoa hewa. Maji yakiondolewa, huingiza hewa ili bomba lisibaki na ombwe ndani. Bomba pana la chuma chembamba linaweza kubonyea kwa ombwe kama kopo lililokanyagwa. Kwenye mabonde huwekwa valvu za kuosha, zinazofunguliwa kutoa tope na mchanga.

Njia ndefu haiwezi kuishi bila valvu za aina hizo. Bomba la Mzima, lililokamilika mwaka wa 1957, huchukua maji kutoka chemchemi za Mzima katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi na kuyapeleka Mombasa kwa mteremko, safari ya takriban kilomita 220. Kila kilima na kila bonde kwenye safari kama hiyo linaomba valvu yake.

Lakini wakati wa kiangazi chemba ya valvu ya hewa huwa ndiyo sehemu rahisi ya kupata maji nyikani. Mfugaji mwenye mifugo iliyokaa siku mbili bila kunywa hufika, anaona maji yanatiririka chini ya futi tatu za udongo, na anafungua nati. Mtu asijifanye haoni sababu yake. Katiba, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ni jukumu la kaunti. Hata hivyo valvu iliyofunguliwa haimnyweshi yeye peke yake. Presha hushuka kwa walio mbele, na siku ya mgao, bomba likiwa halina maji, tundu lile lile huvuta ndani maji ya dimbwi ambalo ng'ombe wamesimama. Wanaokunywa hayo ni watoto wa mji unaofuata. Jibu la kweli ni birika la mifugo lililounganishwa kihalali karibu na chemba, lenye boya na mita, na kamati zinazoombea wadi zao birika hilo zinaomba kitu chenye maana kuliko kufuli kubwa zaidi.

Hatari ya maji kurudi nyuma ipo hata nyumbani. Mpira wa kumwagilia uliotumbukizwa kwenye pipa la dawa ya mimea unaweza kunyonya dawa hiyo hadi kwenye bomba presha ikipotea. Valvu isiyorudisha hupitisha maji upande mmja tu. Visimani huwekwa baada ya pampu, ili stima ikipotea maji yaliyopandishwa yasishuke yote. Ina mshale ubavuni. Ikifungwa kinyume, pampu itanguruma mchana kutwa bila tone.

Liko pia lalamiko linalorudi kila mkutano, kwamba mita inahesabu hewa. Ni lalamiko linalowezekana. Maji yanaporudi baada ya mgao, hewa iliyo mbele yake inaweza kuzungusha mita kabla maji hayajafika. Mkazi afungue kidogo sana saa ya kwanza, na kamati ihakikishe valvu ya hewa ya njia hiyo inafanya kazi.

Ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji za miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na makampuni ya maji nchini hayaleti malipo, kwa kuvuja, kuibwa au kutopimwa. Sehemu ya hayo huvuja usiku, watu wakiwa wamelala na presha ikiwa juu kabisa. Valvu ya kupunguza presha mahali maji yanapoingia mtaa wa bondeni hupunguza uvujaji huo bila kuchimba hata mita moja ya barabara.

Kazi inayobaki kwa kamati ni ndogo lakini haina likizo. Kila valvu ya njia kuu ifungwe na kufunguliwa angalau mara moja kwa mwaka, la sivyo itaganda. Mizunguko yake ihesabiwe na kuandikwa ndani ya kifuniko cha chemba pamoja na upande wa kufunga. Ufunguo ukae kwa watu wawili wanaojulikana, na kila anayeutumia aandike saa. Anayekuta chemba wazi au inayovuja apeleke habari ofisi ya maji akitaja eneo, upande wa barabara, na kama maji yanaruka au yanachuruzika.