Kikomo cha deni: kura hiyo tulipiga lini?

(Haya ndiyo niliyoongea Kiptere, kwa wale hawakuwepo. Sitaji mwanasiasa wala chama.)



Kila mjadala wa deni ukiwaka, hakosi mtu wa kusema "wananchi waliamua". Lini? Kenya tumepiga kura ya maoni mara mbili tu, 2005 na 2010, zote za Katiba. Ile ya 2010 huku kwetu wengi walisema La, na ubishi ulikuwa ardhi na Mahakama ya Kadhi. Deni hatukuulizwa. Kifungu cha 211 kiliachia Bunge masharti ya kukopa. Kule California, Marekani, dhamana za jimbo hupelekwa kwa wapiga kura kwanza.

Sisi kikomo kimehamishwa bungeni tu. Kanuni za 2015 zilisema asilimia 50 ya pato la taifa. Oktoba 2019 ikawa shilingi trilioni 9. Juni 2022, trilioni 10. Mwaka mmoja baadaye deni lilikuwa limeshapita hapo! 2023 sheria ikarudi kwa asilimia: 55, na ruhusa ya kuzidi kwa 5.

Mkulima wa chai, hapa nisikize. Karibu nusu ya deni hili ni la pesa za kigeni. Mapema 2024 dola ilipofika shilingi 160, deni lilivimba kwa shilingi hata bila kukopa senti mpya. Chai yako nayo huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa, kwa hivyo shilingi ikianguka bonasi inaweza kunona. Ndiyo maana wengine huku hushangaa Nairobi wanalilia nini. Lakini mbolea na dizeli ya lori la majani pia hununuliwa kwa dola hizo hizo.

Basi kikomo cha shilingi kilikuwa kibovu, nakubali. Ila kilipopitwa, hata mama wa sokoni alijua. Hii asilimia, tena ya deni kwa thamani ya sasa, nani hapa ataipiga hesabu? Na pato la taifa likihesabiwa upya, kikomo kinapanda chenyewe. 2014 lilikua kwa robo hivi kwa kubadilisha hesabu tu, hakuna aliyechuma jani moja zaidi.

Mgombea akija hapa, muulize: leo tuko asilimia ngapi, na wewe ulisimama wapi kikomo kilipobadilishwa? Akisema amesahau, Hansadi iko wazi, tutamsomea.