Zahabu inapita mbele yetu, nani anaulizwa?

Hotuba ya mwenzetu mbele ya vijana wa Aru. Tunaiweka hapa kwa wale ambao hawakufika.



Mimi ni mtoto wa hapa. Nilimaliza masomo ya univerisite, diplome iko nyumbani ndani ya sashe, kazi sina. Hadithi hiyo munaijua, wengi wenu iko yenu pia, kwa hiyo sitailia hapa. Ushomeri iko na kitu kimoja tu kizuri: inakupatia wakati wa kuhesabu. Mimi nilikaa pembeni ya barabara nikahesabu malori.

Malori ile inatoka Mombasa, inapita Uganda, inaingia kwetu kwa njia ya Arua na kuelekea Durba, kwa mgodi wa Kibali, kule Haut-Uele. Safari ni karibu kilometa 1,800. Inabeba mafuta, vyuma na mashine. Sisi inatuachia vumbi. Nikajiuliza: zahabu ya kule inalipa nini, na inalipa nani?

Jibu iko ndani ya sheria ya migodi ya mwaka 2018. Kampuni inayochimba zahabu inapaswa kulipa asilimia 3.5 ya bei ya zahabu yake. Tuchukue zahabu ya dola 1,000. Inatoka dola 35. Nusu, dola 17.50, inaenda Kinshasa. Asilimia 25, dola 8.75, inaenda kwa provensi. Asilimia 10, dola 3.50, inaenda kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Na asilimia 15, dola 5.25, inaenda kwa serikali ya chini kabisa, pale mgodi uko. Juu ya hiyo, kampuni inatoa tena dola 3 hivi, asilimia 0.3 ya mauzo yake, kwa maendeleo ya raia wa pale.

Serikali ya chini ni nini? Sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 inataja nne: mji, komine, sekta na sheferi, ile wazee wetu wanaita kolektivite. Teritware haimo. Administrateri wa teritware ni mtumishi wa leta kuu. Sekta na sheferi njo ziko na bajeti yao. Kwa hiyo ukiuliza makuta ya shule ama ya daraja, usikimbilie Bunia mbele. Anza karibu.

Sasa angalieni Haut-Uele. Provensi ile iko karibu kilometa za mraba 90,000, inapita Rwanda mara tatu. Pori, mito, kijiji hapa, kijiji kule. Mama mwenye mimba kule ndani, Kinshasa kwake ni jina la redio. Leta anayoijua ni ofisi ya sekta. Kama dola 5.25 ile ikifika na kutumika vizuri, mama anaona santé. Ikipotea pale, hana mlango mwingine wa kupiga hodi.

Na sisi huku Aru? Kwa Kakwa zahabu inachimbwa na mikono ya ndugu zetu. Ile haifuati njia ya asilimia 15. Inauzwa kwa mnunuzi, inavuka mpaka, na ikifika ngambo inageuka zahabu ya Uganda. Kwetu inabaki mashimo, maji machafu, na barieri yenye kamba. Munalipa pale kwa shilingi ya Uganda, na risiti hamuone.

Tangu 1903, wakati Waaustralia wawili walipata zahabu kule Kilo, hii udongo ya Ituri inatoa. Miaka zaidi ya 120! Tatizo si zahabu kukosa. Tatizo ni kwamba mwenye kushika sanduku hana mtu wa kumuuliza.

Sheria ile ya 2008 inasema kila sekta na sheferi iwe na baraza ya kuchaguliwa, ipige kura juu ya bajeti na kuuliza hesabu. Baraza ile iko wapi? Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 tulisikia uchaguzi wa washauri wa komine, tena kwa komine kidogo tu. Sekta na sheferi hazikuguswa. Na tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 sisi Ituri tukaingia ndani ya état de siège: gavana mwanajeshi, baraza ya provensi ikasimamishwa. Chini hakuna baraza, juu pia hakuna.

Mimi nilienda siku moja kwa ofisi fulani kuomba kopi ya bajeti. Mkubwa wa pale aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, akasema: "Kijana, bajeti si ya kila mtu." Nilirudi na haya. Njiani nikafikiri: mama yangu analipa kodi ya soko kila siku ya soko. Kama bajeti si yake, ni ya nani?

Wengine watasema kuna vita, si wakati wa kuuliza makuta. Mimi naona kinyume. Kijana anayeona shimo bila faida na barieri bila risiti, mwenye bunduki anamupata kwa bei rahisi. Na hatukuje kutukana chefu yeyote. Chefu mwenye hesabu safi, karatasi ya ukutani itamulinda kuliko sisi.

Tunaomba vitu vitatu. Moja: kila sheferi na komine ibandike ukutani, kwa lugha tunayosoma, kilichoingia na kilichotoka kila miezi tatu. Mbili: risiti kwa kila franga na kila shilingi. Tatu: mkutano wa wazi mbele bajeti haijapigwa muhuri, bamama wa soko na wachimbaji wakiwemo.

Na sisi vijana tuko na kazi yetu. Usilipe bila kuomba risiti. Ukinyimwa, andika tarehe, saa na bei ndani ya kayee. Raporo za ITIE zinaonyesha kampuni zimelipa nini. Zisome, uzielezee wenye hawajui Kifaransa. Twende wawili wawili kwa ofisi, kwa heshima, bila jiwe mkononi. Wakitufukuza leo, kesho tunarudi.

Mimi nitarudi kwa ile ofisi siku ya kwanza ya juma. Nani anakuja na mimi?