Usiku wa Mtoto Mchanga

 Wavuvi wa ndagala wa hapa Rumonge wakishaingia ziwani na taa zao, mama naye anakesha na mtoto. Mama, mtoto wa mwezi mmoja hana kosa: tumbo lake dogo, lazima aamke anyonye. Tafadhali usimpe uji ili alale. Hadi miezi 6 maziwa yako yanamtosha. Mchana mtoe mwangani, ongea naye. Usiku punguza taa, mnyonyeshe kimya kimya, kisha mlaze chali ndani ya chandarua chenye dawa, kingo zimechomekwa chini ya godoro, maana mbu wa mwambao huu wanaleta malaria. Baba akirudi alfajiri ampokee mtoto, mama apumzike. Mtoto akichemka mwili au akikataa kunyonya, msingoje kuche: mpelekeni kituo cha afya.