Ndugu Anayetoa Uloto: Kwa Nini Saratani za Damu za Kurithi Zinatuhusu Sasa

Mada kwa ajili ya semina ya madaktari, wauguzi, wataalamu wa maabara na washauri nasaha

1. Utangulizi



Mgonjwa wa lukemia anapofikia hatua ya kuhitaji kupandikizwa uloto, jambo la kwanza tunalotaka kujua ni kama ana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana nafasi ya 25 kwa 100 ya kulingana naye kikamilifu katika alama za tishu ziitwazo HLA. Akipatikana, familia hushukuru Mungu na sisi wahudumu tunaona kazi imerahisika. Lakini kuna swali la pili ambalo mara nyingi tunalipita: je, ndugu huyo tunayemwona mzima hajarithi jeni ileile iliyomuuguza mwenzake?

Kwa muda mrefu swali hilo lilibaki la vitabuni kwetu, kwa kuwa wagonjwa wa kupandikizwa walipelekwa nje ya nchi. Sasa mambo yamebadilika. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na Muhimbili nayo imeingia katika huduma ya upandikizaji. Kwa selimundu, kumpima mchangiaji ni jambo la kawaida, kwa sababu kila mtu anajua kuwa ugonjwa ule ni wa kurithi. Kwa lukemia hatuna mazoea hayo. Hoja ya mada hii ni kwamba tuanze kuyajenga sasa, na kwamba hatua ya kwanza haihitaji mashine.

2. Mabadiliko ya jeni si lazima yawe ya kurithi

Kila saratani ya damu huanza na mabadiliko katika jeni za chembe, lakini mengi ya mabadiliko hayo hutokea ukubwani, ndani ya uloto, na hayapiti kwa watoto. Mfano unaojulikana zaidi ni kromosomu ya Philadelphia, iliyoonwa na Peter Nowell na David Hungerford mwaka 1960 kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya myeloidi. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kwamba ilitokana na vipande vya kromosomu 9 na 22 kubadilishana mahali. Ugunduzi huo ndio uliozaa imatinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na kugeuza ugonjwa wa kuua kuwa ugonjwa wa kumeza vidonge kila siku. Mwenye kromosomu hiyo hakuipata kwa wazazi, wala hatawarithisha wanawe.

Hata pale wawili wanapougua katika nyumba moja, tusikimbilie kusema ni urithi. Pacha wa kufanana wanaweza kupata lukemia ileile kwa sababu chembe zenye kasoro zilitoka kwa mmoja zikaingia kwa mwenzake kupitia kondo la nyuma, wakiwa bado tumboni. Ukanda wetu una fundisho lake pia. Uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda ulifuata maeneo yenye joto na mvua, na mwaka 1964 sampuli zilizotoka huko zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake, jijini London, kukiona kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Watoto wa kijiji kimoja waliugua kwa kuwa waliishi pamoja na malaria na kirusi hicho.

Kwa hiyo saratani za damu za kurithi ni sehemu ndogo ya saratani zote za damu. Kwa lukemia kali ya myeloidi na magonjwa ya uloto yanayoitangulia, makadirio ya kawaida ni kati ya wagonjwa 5 na 10 katika kila 100. Ni wachache, lakini kwa hao wachache kosa la kumchagua mchangiaji linaweza kugharimu maisha.

3. Yaliyobainika tangu mwaka 1999

Mwaka 1999 watafiti walithibitisha kwamba koo zilizokuwa na chembe sahani pungufu, vizazi kwa vizazi, zilibeba kasoro katika jeni ya RUNX1 iliyo kwenye kromosomu 21. Wanaukoo walitokwa damu puani au walivilia damu upesi, nao wakazoea kuona ni maumbile yao. Lakini takriban 40 kati ya kila 100 wenye kasoro hiyo hupata saratani ya damu katika maisha yao.

Mwaka 2004 ikafuata CEBPA. Anayerithi kasoro ya jeni hii karibu hana namna ya kuepuka lukemia kali, na mara nyingi huipata akiwa kijana. Dawa humsaidia vizuri. Jambo la kushangaza ni kwamba lukemia inayorudi baada ya miaka mingi mara nyingi huwa mpya kabisa, iliyoota kwenye mzizi uleule wa urithi.

Mwaka 2011 ilitambuliwa GATA2. Mwenye kasoro hii anaweza kuwa na chunjua nyingi zisizokwisha, miguu iliyovimba kwa maji ya limfu, upungufu wa chembe za monosaiti na maambukizi ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu, kabla uloto haujaharibika. Mwaka 2015 ikaja DDX41, iliyovuruga yale tuliyofundishwa. Wenye kasoro hii, wengi wao wanaume, huugua wakiwa na miaka 60 na kuendelea, umri uleule wa lukemia ya kawaida. Mzee wa miaka 68 naye anaweza kuwa na ugonjwa wa kurithi, na wanawe wakawa ndio wachangiaji tunaowategemea.

Jeni hizi nne zina tabia moja inayofanana: nakala moja yenye kasoro, iwe ya baba au ya mama, inatosha, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Anemia ya Fanconi, iliyoelezwa na Guido Fanconi wa Uswisi mwaka 1927, ni tofauti. Kwa aina zake nyingi mtoto hupokea kasoro kutoka pande zote mbili, kwa hiyo huonekana zaidi pale wazazi wanapokuwa na nasaba ya karibu. Kwa jamii zinazooana binamu kwa binamu, taarifa hiyo ina maana, mradi itolewe bila kuwasuta watu kwa mila zao.

Uzito wa matokeo hayo ulionekana mwaka 2016, pale Shirika la Afya Duniani lilipoziweka saratani za myeloidi zenye asili ya kurithi katika kundi lake lenyewe.

4. Ndugu anapokuwa mchangiaji

Tuwaze familia ya watoto wanne ambayo mama amebeba kasoro ya RUNX1 bila kujua. Mmoja ameugua lukemia. Katika watatu waliobaki, kila mmoja ana nafasi ya nusu ya kuwa na kasoro ileile. Kulingana kwa HLA hakutuambii lolote hapo, kwa sababu alama za HLA ziko kwenye kromosomu 6, na RUNX1 iko kwenye 21. Ndugu anaweza kufaulu kipimo cha kwanza kikamilifu na akawa hafai kabisa kwa cha pili.

Akitoa uloto wake, tumelilima shamba upya na kulipanda mbegu kutoka ghala lilelile lenye dumuzi. Katika familia za aina hii imeripotiwa mara kadhaa kwamba chembe za mchangiaji zilichelewa kuota, chembe sahani hazikupanda, au mgonjwa alipata lukemia nyingine iliyotokana na chembe za nduguye. Mchangiaji naye ana haki zake. Huchomwa sindano za kuchochea uloto, na baadaye hujikuta ana habari nzito kuhusu mwili wake ambayo hakuandaliwa kuipokea.

Kwetu hatari hii ni kubwa zaidi kwa sababu tunawategemea ndugu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kuwa Mzungu wa nchi ile ana nafasi ya takriban 75 kwa 100 ya kupata katika daftari la kitaifa mchangiaji asiye ndugu anayelingana naye kikamilifu. Kwa Mmarekani Mweusi nafasi ilikuwa chini ya 20. Ikiwa hali ni hiyo kwenye daftari la mamilioni ya watu, mgonjwa wa Singida au Kisumu hana wa kumtazamia ila ndugu, mzazi au mtoto wake.

5. Magonjwa haya yanavyojificha kwetu

Dalili za GATA2 zinafanana sana na maradhi tunayoyaona kila siku. Mguu uliovimba tunauita matende. Kikohozi kisichokwisha tunakitibu kama kifua kikuu. Chunjua zikizidi, tunapima VVU. Hatua zote hizo ni sahihi, kwa sababu maradhi hayo ndiyo yaliyo mengi. Kosa linakuja pale vipimo vyote vinaporudi safi, mgonjwa akawa na dalili mbili au tatu za aina hii kwa pamoja, tena chembe zake za damu zimeshuka, na bado hatumuulizi habari za ukoo wake.

Upo pia mtego wa upande wa pili. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, hali inayowakinga na malaria ya vivax. Tafiti za 2008 na 2009 zilibainisha kuwa hali hiyohiyo huambatana na idadi ndogo ya nyutrofili katika damu. Mtu huyo ni mzima. Akisomwa kwa viwango vya maabara vilivyopangwa kwa Wazungu, anaonekana mgonjwa, na ndugu zake wakipimwa nao wanaonekana hivyohivyo. Tunaweza kuitia hofu familia nzima kwa jambo lisilo ugonjwa, au kumkataa mchangiaji mwema.

6. Kipimo na tafsiri yake

Kwa mgonjwa wa lukemia, damu haitoshi kuthibitisha urithi, kwa kuwa imejaa chembe za saratani zenye mabadiliko yake. Mate nayo huwa na chembe nyeupe ndani yake. Sampuli inayoaminika zaidi ni kipande kidogo cha ngozi, ambacho chembe zake hukuzwa maabara kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ni lazima kichukuliwe mapema, mara ugonjwa unapobainika, badala ya kusubiri tarehe ya kupandikiza. Mgonjwa akishapandikizwa, damu yake inabeba vinasaba vya mchangiaji. Kasoro ikijulikana, ndugu mzima hutafutiwa hiyo moja tu, na kwake damu ya kawaida inatosha.

Ugumu uliobaki ni wa tafsiri. Hadi mwaka 2019, katika tafiti kubwa za kuhusianisha jeni na magonjwa duniani, washiriki 78 kati ya 100 walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa 2 tu. Nasi ndio wenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko watu wa bara lolote. Matokeo yake, jibu la maabara linarudi na mabadiliko ambayo maana yake haijulikani, au baya zaidi, mabadiliko ya kawaida kwa Waafrika yanabandikwa jina la ugonjwa. Mwaka 2016 ilidhihirika kuwa Wamarekani Weusi kadhaa walikuwa wameambiwa wana jeni ya ugonjwa wa misuli ya moyo kwa kosa la aina hiyo. Majibu yenye utata yasitumike kumhukumu mtu.

7. Familia, siri na sheria

Kuuliza habari za ukoo kunagusa ndoa, nasaba na lawama. Mama ndiye anayenyoshewa kidole kwanza, ilhali kasoro hutoka kwa baba kwa kiwango kilekile. Mabinti wanaweza kukosa wachumba. Kipimo kinaweza pia kufichua kwamba baba anayejulikana siye mzazi. Kwa hiyo ushauri nasaha utangulie kuchukua sampuli, na mchangiaji azungumze na mtu asiye daktari wa mgonjwa, faraghani, mbali na wazee wa familia wanaoweza kumshinikiza.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa ya 2019. Taarifa za kijenetiki zinahesabiwa kuwa nyeti, na hazipaswi kusambazwa kwenye makundi ya simu ya wodi.

8. Mapendekezo

Kwanza, kila mgonjwa wa saratani ya damu achorewe mti wa ukoo wa vizazi vitatu siku anapolazwa. Kwa kuwa kwetu kaka anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo na mama akawa mama mkubwa, anayehoji aandike nani alimzaa nani.

Pili, kila mhojiwa aulizwe mambo haya: nani mwingine katika ukoo aliugua saratani ya damu au upungufu wa damu usiopona, nani hutokwa damu kwa urahisi tangu utotoni, nani ana chunjua sugu, mguu uliovimba au maambukizi ya kujirudia, nani alizaliwa na kasoro ya kidole gumba.

Tatu, ndugu anayekusudiwa kuchangia afanyiwe picha kamili ya damu, na chembe sahani zake zikiwa pungufu bila sababu, asichangie mpaka uchunguzi ukamilike.

Nne, sampuli ya ngozi ihifadhiwe mapema kwa kila mgonjwa mwenye dokezo la urithi, hata kama kipimo chenyewe kitafanyika kwingine.

Tano, maabara zetu zipange viwango vya nyutrofili kutokana na watu wetu wazima, na taasisi zinazofanya tafiti za selimundu zishirikishe uzoefu wao wa kuzifuatilia familia kwa miaka mingi.

Mapendekezo mawili ya kwanza yanahitaji karatasi, kalamu na nusu saa ya mhudumu aliyefundishwa. Hayo yanaweza kuanza katika hospitali yoyote iliyowakilishwa hapa, kabla ya bajeti ijayo.